Hela Imetoka, Sasa Nani Anatembea Nayo? Majibu ya Barua Zenu

Wapendwa wasomaji, toka lile toleo la mwezi uliopita simu yangu haijapumzika, na kuna barua moja imeachwa kwa mkono kabisa kwa mama anayeniuzia ndizi pale Mbuyuni, ameniwekea chini ya ungo mpaka nilipopita. Barua ni nyingi ila ukizisoma zote unakuta zinazunguka jambo moja, kwamba hela ya mtu mwenye ulemavu imepatikana, iwe ya serikali, ya mkopo au ya harambee, alafu mwenyewe bado yuko pale pale alipokuwa. Nimechukua nne. Majina nimeyatoa.

Niseme kabisa kwanini hili linanigusa. Mdogo wangu wa mwisho ana mtindio wa ubongo. Alipokuwa na miaka tisa wafadhili fulani walituletea kiti mwendo kipya, tukapiga nacho picha, mama akalia kwa furaha. Kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto akikaa anaslaidi mpaka kidevu kinafika kifuani, hawezi hata kumeza vizuri. Kikakaa stoo miaka miwili, mama akaendelea kumbeba mgongoni kwenda kanisani mtoto ana miaka kumi na moja. Hela ya kile kiti ilitoka na ikatumika, na naamini waliotoa walitoa kwa moyo. Ila hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kabla na tepu ya kupimia, wala aliyerudi baadaye kuuliza vipi. Kwahiyo nikijibu barua hizi najibu na mama yangu machoni.

*

"Mwanangu, mimi ni mama wa miaka 63, niko Kiborloni. Binti yangu yuko Perth, Australia, yeye na mumewe walishapata uraia, na mjukuu wangu ana miaka 19 ana mtindio wa ubongo. Serikali ya huko imempangia mjukuu hela nyingi sana kwa mwaka lakini binti anasema hazigusi kwa mkono wake. Tena kuna mwanamke wanamwita koodineta, analipwa kwa saa kutoka humo humo kwenye hela ya mtoto, na kazi yake sijaiona maana hata kumuogesha hamuogeshi. Ndugu wanasema binti ametapeliwa. Baba yake mdogo anasema angetuma hata kidogo tumalizie nyumba. Nisaidie, huyo koodineta ni nani?"

Shikamoo mama. Pale kwingine kwenye barua yako uliposema ukipiga simu saa moja jioni kule ni saa sita usiku na binti anaongea kwa kunong'ona asimwamshe kijana, nilisimama kidogo. Poleni na umbali.

Naanza na hela maana ndo imeleta maneno. Ule mpango wanauita NDIS, ni bima ya taifa ya ulemavu. Sheria yake ilipitishwa 2013, majaribio yakaanza Julai mwaka huo huo, nchi nzima ikafikiwa 2020, na leo waliomo ni zaidi ya laki saba. Inaitwa bima lakini hakuna kadi ya kulipia kila mwezi kama tulivyozoea, inatoka kwenye kodi. Anaingia raia au mwenye ukaazi wa kudumu ambaye hajafika miaka 65, na ulemavu wake uwe wa kudumu na unamzuia kufanya mambo ya kila siku. Sasa ukishakubaliwa unaandikiwa mpango, kitabu kabisa, na ndani hela imegawanywa kwa mafungu. Kuna fungu la msaada wa kila siku, yaani mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa, kutoka nje. Kuna la kumjengea uwezo, humo ndo kuna tiba mbalimbali na huyo koodineta. Kuna la vifaa na marekebisho ya nyumba. Hela ya kiti mwendo huwezi kuihamishia kwenye mtu wa kuogesha, na ya mtu wa kuogesha huwezi kununulia unga.

Kwahiyo binti akisema haigusi hakufichi kitu. Wengi wanaweka mtu wa kati wa kulipa invoisi, mwingine kabisa tofauti na koodineta, na hata wale wanaosimamia hela wenyewe wanatakiwa watunze risiti ya kila kitu. Kodi ya nyumba, chakula cha kawaida, nauli ya ndege kuja kuwaona, hivyo havimo. Na ya kumalizia nyumba Kiborloni ndo kabisa, mama, naomba umwambie baba mdogo kwa upole ila kwa kumaanisha, kwamba hiyo ni hela ya miguu na mikono ya yule kijana, binti akiituma huku atadaiwa airudishe na anaweza kufikishwa mahakamani. Asiombwe tena. Kila mkiomba mnampa mzigo ambao hawezi kuutua, huko hana wa kumwambia na huku anaonekana mchoyo.

Sasa koodineta. Kuogesha kweli haogeshi, na hashiki hela. Kazi yake ni kuchukua kile kitabu na kukigeuza kuwa watu wanaokuja nyumbani saa moja asubuhi. Nikupe mfano wa kiti mwendo maana huo naujua. Pale kiti cha mtu kama mjukuu wako hakinunuliwi dukani tu, lazima mtaalamu wa tiba kwa vitendo aje ampime, alete viti vya kujaribu, aandike ripoti ndefu kwanini hiki na sio kile cha bei ndogo, muuzaji atoe makadirio, vyote viende kwa wenye mpango, wakubali, ndo kiagizwe. Ni miezi. Na katikati kuna mtu hapokei simu, kuna ripoti imekosa sahihi, kuna mtaalamu kaacha kazi, na binti yako yuko kazini zamu ya usiku. Anayefuatilia hayo yote ndo koodineta. Anatafuta wahudumu watatu wanne ili familia ichague, anasimamia mkataba wa kila mmoja, anaangalia hela isiishe mwezi wa saba wala isilale bila kazi, maana ikilala hamuwekewi akiba, mwaka unaofuata mwenye kupitia mpango anaweza kuona kumbe hamkuihitaji. Na mpango ukikaribia kuisha anaandika ripoti nini kimefanyika na nini bado.

Analipwa kweli, na sio kidogo, kwa ngazi ya kawaida ni kama dola 100 za Australia kwa saa. Na saa inahesabika kwenye simu, kwenye barua pepe, kwenye kuandika ripoti. Hapo ndo mi naona ndugu wamekosea kumwita tapeli lakini swali lenu la saa zake ni swali halali kabisa, na binti ana haki ya kuliuliza. Amwombe kila mwezi amwandikie saa ngapi zimetumika na kwa kazi gani, na zimebaki ngapi. Na yeye binti akusanye maswali yake kwenye karatasi amtumie kwa mkupuo, sio simu tano za dakika kumi kumi kwa wiki, maana kila moja inakula saa za kijana. Kama Kiingereza cha maofisi kinamchosha aombe mkalimani wa Kiswahili, kwenye mambo ya NDIS mkalimani ni bure. Na kama huyo koodineta hafai, binti anaruhusiwa kubadilisha, aangalie tu mkataba unataka notisi ya muda gani.

Nikuongezee na hili, labda litakufurahisha, kazi ya kuwa na mtu wa karibu wa kutembea na familia ilianza kitambo na ilianzia huko huko Australia Magharibi aliko binti yako, mji unaitwa Albany, mwaka 1988. Waliona familia za mbali na mji mkubwa zinahama makwao kufuata huduma, wakasema hapana, tuweke mtu anayeishi karibu nao anayewajua. Kazi hiyo ilianza kwa watu wa vijijini kama sisi.

*

"Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Sakina Arusha, nipo Melbourne mwaka wa nne nafanya kazi ya kuhudumia watu wenye ulemavu majumbani. Bosi wangu anataka kunipandisha niwe koodineta, mshahara mzuri. Ila kaniambia wazi wateja wote niwape wahudumu wa kampuni yetu, nisitaje wengine. Moyo unasita. Nifanyaje?"

Marahaba mdogo wangu. Moyo wako uko sawa, usiunyamazishe.

Fikiria yule mama unayemhudumia asubuhi. Mhudumu kachelewa saa nzima, kamkuta kwenye shuka mbichi, na wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Anataka kulalamika au kubadilisha kampuni. Anampigia nani? Anampigia koodineta wake, ambaye ni wewe, ambaye bosi wako ni huyo huyo bosi wa mhudumu aliyechelewa. Hapo umemfungia mlango wa mwisho. Ndo maana tangu 2018 kuna tume yao ya kusimamia ubora na usalama wa huduma hizo, na kanuni za maadili zinamtaka kila mhudumu awe mkweli na amheshimu mtu katika maamuzi yake. Kampuni moja kufanya yote mawili haijakatazwa kabisa, na huko mbali na miji wakati mwingine hakuna mwingine, ila mgongano wa maslahi lazima usemwe wazi kwa mteja na aoneshwe wengine, achague mwenyewe.

Kwahiyo mwambie bosi kwa maandishi, kwa heshima, kwamba utaifanya kazi ila kila mteja utampa majina ya kampuni angalau tatu na utamwandikia kwamba moja ni ya kwenu. Akikubali, vizuri. Akikataa, hiyo kazi hukuikosa, umeiepuka. Kuna koodineta wengi wanaofanya kwenye ofisi ambazo hazitoi huduma nyingine yoyote, tafuta huko. Na usikimbilie ile ngazi ya juu ya wataalam kwa ajili ya hela, ile ni ya watu wenye matatizo mazito, mtu katoka gerezani, mtu hana makazi, mtu anaumwa akili na ana ulemavu juu yake, inataka uzoefu wa kweli. Anza na ile ya kati.

*

Hii ya tatu ndo iliyoachwa kwenye ungo wa ndizi, na nimeilalia siku tatu.

"Dada naandika kwa niaba ya familia, tuko Pasua hapa Moshi. Kaka yangu ni bodaboda, miaka 29, alipata ajali mwezi wa tatu akavunjika mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia. Amekaa hospitali na sasa wanataka kumruhusu arudi nyumbani. Tulifanya harambee, kanisa na chama cha bodaboda na ndugu wa Dar, imepatikana milioni nne na laki nane. Sasa vita imeanza. Mjomba anasema tumnunulie kiti cha umeme. Shemeji anasema tumfungulie duka. Mama anataka tumpeleke kwa mganga mmoja wa mbali amesikia anasimamisha watu. Hela iko kwa mjomba na kila mtu anamwona mjomba mwizi. Wewe ungeanza na nini?"

Poleni sana, na mwambie kaka nimemsalimia.

Kabla ya hela kwanza mtenganishe vitu viwili ambavyo sasa hivi vyote viko kwa mjomba, mfuko na njia. Anayeshika hela asiwe ndiye anayeamua iende wapi. Mjomba abaki na hela kama mnamwamini, ila iwe benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu inayotaka watu zaidi ya mmoja kutoa. Alafu chagueni mtu mwingine, na kwa jinsi ulivyoandika naona ni wewe, awe mratibu. Ununue daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza uandike kaka anataka nini. Sio mjomba, sio shemeji. Kaa naye pembeni ya kitanda umuulize ukiwa peke yako, maana mbele ya mama atasema anataka kupona tu na atakuwa hajasema uongo, ila ukimpa muda atakwambia pia anataka kwenda chooni bila kubebwa na mdogo wake wa kike. Hilo la pili ndo linaanza kupangiwa hela.

Kitu cha kwanza kwa mtu asiye na hisia chini ni ngozi. Narudia, ngozi. Vidonda vya kulala ndo vinaua watu wa mgongo huku kwetu wakiwa wameshatoka hospitali, mtu ameokolewa kwenye ajali alafu anaondoka kwa kidonda cha kwenye makalio kilichoingia wadudu. Kwahiyo kabla hajatoka wodini, mtu wa nyumbani ambaye ndiye atakaye lala naye, akae na nesi na mtu wa mazoezi siku mbili afundishwe kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku, kumkagua na kioo kila asubuhi kwenye visigino, kwenye nyonga na kwenye mkia wa mgongo, na kumfundisha mwenyewe akiwa amekaa ajinyanyue kwa mikono kila baada ya robo saa mpaka nusu saa. Hilo halina gharama, ila lisipofanyika milioni nne yote itaenda kwenye dawa za vidonda. Muulizeni nesi na habari ya mpira wa mkojo, nani ataubadilisha, kila siku ngapi, na mpira unapatikana wapi ukiisha, andika majibu.

Alafu kiti. Kiti cha umeme mjomba amewaza vizuri kwa upendo ila mikono ya kaka ni mizima, na betri ikifa Pasua nani anaitengeneza, na umeme ukikatika je. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi kama zetu, una hatua nane. Mtu anapewa rufaa, anapimwa, anaandikiwa kiti cha aina gani, kinalipiwa na kuagizwa, kinaandaliwa, anajaribishwa, anafundishwa kukitumia, alafu kinafuatiliwa na kutengenezwa. Hela ni hatua ya nne! Sisi familia zetu tunaanzia ya nne na kuishia ya nne, ndo maana kiti cha mdogo wangu kililala stoo. Nyie mna bahati mko Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo kilichoanza 1981 kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na viti mwendo, watu wanakuja kusoma kutoka nchi nyingine. Ombeni rufaa akiwa bado wodini. Apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja, na apewe mto wa kukalia unaofaa mtu asiye na hisia, mto ndo roho ya kiti, wengi wanaona ni pambo wanaukata bajeti. Kiti cha mkono chenye matairi yanayohimili barabara zenu zile za mawe.

Na kabla kiti hakijafika mtu aende nyumbani na tepu. Mlango wa chumba chake una upana gani, na wa choo? Kiti kinataka karibu sentimita 80 za wazi. Pale mlangoni kuna ngazi? Rampu kwa kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za kwenda mbele, kwahiyo ngazi ya sentimita 30 inataka rampu ya mita 3 na sentimita 60, sio ule mteremko wa meta moja fundi anaomwaga zege jioni mtu akateleza nao kama maji. Kama choo ni cha shimo, fundi seremala wa hapo hapo mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikia kwa hela ndogo tu. Hii ni sehemu ambayo ningemwaga hela bila kusita, mlango, rampu na choo, maana ndo tofauti ya kuwa mtu mzima ndani ya nyumba na kuwa mzigo.

Duka ndugu zangu lisubiri. Shemeji hajakosea, kaka atahitaji kipato na ana akili zake zote, ila mtu aliyevunjika mgongo mwezi wa tatu hajajua bado mwili wake mpya unafanyaje. Tengeni kiasi kabisa kwa ajili ya hilo, muandike tarehe, labda miezi sita kutoka leo, mkae tena wote na daftari na kaka akiwa mwenyekiti wa kikao. Huenda atataka duka, huenda atataka kutengeneza pikipiki za wenzake, yeye ndo anajua. Na mtenge nauli za kliniki za mwaka mzima mapema, bajaji ya kwenda na kurudi, kwasababu hiyo ndo hela inayoishaga bila mtu kuiona.

Kuhusu mganga, mwambie mama hivi, na umwambie ukiwa umemshika mkono: mgongo uliokatika mawasiliano hausimamishwi na mtu wa mbali, na safari ndefu ya kwenye basi kwa mtu asiyejigeuza ni kidonda siku ile ile. Mama anataka kufanya kitu, mpe kitu. Mpe kioo cha kukagua ngozi, iwe kazi yake kila asubuhi.

*

Ya mwisho inatoka Arusha, Muriet.

"Habari dada. Sisi ni kikundi, wawili viziwi, mmoja haoni, na mimi natembelea magongo, tunashona nguo za shule na mabegi. Tumesikia mikopo ya halmashauri ya asilimia 2 imerudi. Kuna kijana anasema yeye ni mratibu atatuandikia andiko na kutusukumia ofisini ila tukipata tumpe asilimia 10 ya mkopo. Wenzangu viziwi vikao vyote hawaelewi kinachosemwa. Tumkubali?"

Msimkubali. Mtu anayewasaidia kwa malipo ya haki anasema bei kabla, anaandika, na halipwi kutoka kwenye mkopo ambao nyie mtaurudisha wote mpaka shilingi ya mwisho pamoja na ile asilimia aliyokula yeye. Ona hesabu yake, mkipata milioni tano yeye laki tano, kwa karatasi nne. Akisema eti lazima apitie yeye ndo ofisi iwakubali, hiyo ni rushwa na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Mikopo yenyewe ni haki yenu ya kisheria sio hisani. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na haina riba. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Na kazi ambayo huyo kijana anataka kuwauzia tayari kuna mtu analipwa mshahara kuifanya, anaitwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndo wa kuwaelekeza usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi, na kuyaingiza maombi kwenye mfumo. Nendeni ofisi ya kata yenu, wote wanne, sio wewe peke yako kwa vile unaongea, wenzako wakiachwa nyumbani leo wataachwa na kwenye maamuzi kesho. Mwombeni awape orodha ya vinavyotakiwa kwa maandishi, na mumuulize ni lini atakuja kuona cherehani zenu zilipo.

Suala la viziwi nalichukulia kwa uzito kuliko hata mkopo. Watu wawili kati ya wanne wanasaini deni ambalo hawajalielewa! Sheria yetu ya watu wenye ulemavu, namba 9 ya 2010, iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaa na kijiji mpaka halmashauri, kwahiyo mtaani kwenu ulizeni mwenyekiti wa mtaa kamati ni ya nani na inakaa lini. Na watafuteni CHAVITA, chama cha viziwi, muombe mkalimani wa lugha ya alama siku ya kikao na ofisi, mwandikie afisa mapema kwamba mtakuja naye. Mwenzenu asiyeona asomewe mkataba wote kwa sauti na mtu anayemchagua yeye, kabla ya kuweka dole gumba.

Mtunze daftari pia. Kila mkienda ofisini andikeni tarehe, mliyeonana naye, alichosema, na lini mrudi. Mkiambiwa njooni kesho mara tatu, mnafungua daftari mbele yake mnamsomea tarehe zote tatu. Nimeshaona ikifanya kazi. Nitumieni ujumbe mkitoka kwenye kikao cha kwanza, na mnitumie picha ya yale mabegi, mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa na nina watoto wanne wa kuwanunulia.